IP ya kifaa inahama kila mara? Soma dalili kwanza kabla hujagusa setingi

Kuna ile hali Ijumaa printa ilikuwa inachapa vizuri tu, Jumatatu mtu anatuma karatasi mara ya kwanza, ya pili, ya tano, hakitoki kitu. Unaenda kuangalia kwenye kiskrini chake unakuta IP, yaani namba ya anwani yake kwenye neti, imetoka 192.168.1.23 imekuwa 192.168.1.41. Printa haijaharibika na neti haijafa, ni namba tu imehama, na kompyuta zote bado zinabisha hodi kwenye nyumba ya zamani. Wengi hapo hapo wanaingia kwenye menyu ya printa wanaandika .23 kwa mkono, wanaona wamemaliza, halafu baada ya wiki mbili wanarudi na tatizo baya zaidi, vifaa viwili vinagongana kwenye IP moja na sasa printa inapatikana leo kesho haipatikani. Mi nimefanya hivyo, tena sio mara moja.

Kwa hiyo tuelewane kitu kimoja kabla hatujaanza. Kifaa kikijipatia IP bila mtu kuandika, kuna njia mbili kubwa na zinafikiri tofauti kabisa. Kwenye IPv4 (zile anwani fupi kama 192.168.1.23) ni DHCP, yaani kuna seva (mara nyingi ni rauta yenyewe) inayokodisha IP kwa muda maalumu na inaweka daftari la nani kapewa ipi. Kwenye IPv6 (zile anwani mpya ndefu) mara nyingi ni SLAAC, ambapo rauta inatangaza tu kichwa cha anwani, biti 64 za mwanzo, na mkia wa biti 64 zilizobaki kifaa kinajitungia chenyewe, hakuna daftari popote. Sasa ukiuliza "nani kanibadilishia IP", upande wa DHCP wa kumuuliza ni seva, upande wa SLAAC wa kumuuliza ni kifaa. Ukichanganya hapo utazunguka siku nzima unabadilisha setingi za rauta ambayo haihusiki kabisa.

Halafu kingine, anwani kubadilika sio ugonjwa siku zote. Mara nyingi imewekwa makusudi, na tatizo lenyewe ni kwamba umefunga kitu chako (sheria ya faiawali, printa, kamera) kwenye ile anwani ambayo tangu mwanzo iliumbwa ihame.

Kwanza angalia ulichonacho

Kwenye Windows andika ipconfig /all, kwenye Linux andika ip addr, kwenye simu ingia setingi za waifai bonyeza jina la mtandao uliounganishwa. Usiruke hatua hii eti kwa sababu unajua tayari. Kwenye Linux unaweza ukakuta kitu kama hiki:

inet6 2001:db8:5:1:8c4f:1d92:77ab:e03c/64 scope global temporary dynamic
inet6 2001:db8:5:1:21a:2bff:fe3c:4d5e/64 scope global dynamic mngtmpaddr
inet6 fe80::21a:2bff:fe3c:4d5e/64 scope link

Kadi moja ya mtandao, anwani tatu, na zote ni halali. Ya tatu inayoanza na fe80 ni ya ndani ya waya huo huo tu, haivuki rauta, iache. Ya kwanza imeandikwa temporary, hiyo ni ya muda, itatupwa. Ya pili ndo ya kudumu, na hebu angalia vizuri mkia wake, kuna ff na fe katikati. Hiyo ina maana mkia umetengenezwa kutoka kwenye MAC ya kadi, ile namba ya utambulisho inayopewa kiwandani: MAC hapa ni 00:1a:2b:3c:4d:5e, ikapasuliwa katikati, ikachomekwa ff:fe, na biti moja ndani ya jozi ya kwanza ikageuzwa, ndo maana 00 imekuwa 02 na ukiisoma unaona 21a. Ukishaona ff:fe katikati ujue mkia huo hautabadilika mpaka kadi ibadilike, labda MAC yenyewe iwe ya kutungwa.

Na MAC ya kutungwa unaijuaje? Angalia herufi ya pili. Ikiwa ni 2, 6, A au E, mfano d6:41:..., hiyo haijatoka kiwandani, kifaa kimejitungia. Kumbuka hili maana linarudi chini.

Dalili: printa, kamera au seva ndogo inahama IP kila baada ya siku kadhaa

Hapa uko kwenye DHCP na sababu karibu zote zinahusu ule muda wa kukodi. Kifaa kikiwa kimewashwa muda wote huwa hakihami, kwa sababu nusu ya muda ikifika kinarudi kwa seva kimya kimya kuomba kuongezewa, na kisipojibiwa kinaendelea kujaribu, kikifika asilimia 87.5 ya muda kinaanza kuuliza seva yoyote iliyopo kwenye neti. Shida ni kifaa kilichozimwa. Printa inayozimwa Ijumaa jioni wakati muda wa kukodi ni saa 24, mpaka Jumatatu muda umeisha kitambo na seva ina haki ya kumpa mwingine ile IP. Kama mabwawa yamejaa, yaani IP za kugawa ni chache na simu ni nyingi, itampa kweli.

Sababu ya pili ni rauta iliyowashwa upya ikasahau daftari. Rauta nyingi ndogo zinaweka hilo daftari kwenye memori inayofutika umeme ukikatika. Hapa kuna kitu watu hawakijui, dnsmasq, ile programu ya DHCP iliyo ndani ya rauta nyingi sana, haigawi kwa kufuata foleni, inapiga hesabu kutoka kwenye MAC ya kifaa kupata IP ya kukupa, ndo maana hata baada ya kusahau mara nyingi inakurudishia ile ile. Mara nyingi, sio mara zote, na mtu aliyezoea "mbona huwa haibadiliki" ndiye anayeumia siku ikibadilika.

Dawa ni kutenga IP kwenye rauta. Unachukua MAC ya printa, unaingia rauta sehemu ya DHCP, unaandika MAC hii ipewe 192.168.1.23 siku zote. Printa unaiacha kwenye otomatiki. Hapo daftari liko sehemu moja, ukibadilisha rauta au DNS (seva ya kutafsiri majina kuwa IP) kesho printa inapata taarifa zote mpya yenyewe, wakati ile uliyoiandikia kwa mkono itabaki na geti (anwani ya rauta) la zamani na utakuwa umesahau kwamba uliiandikia. Kama ni lazima uandike kwa mkono kwa sababu rauta haina sehemu ya kutenga, basi chagua namba iliyo nje ya zile zinazogawiwa. Rauta inagawa .100 mpaka .200? Iweke printa kwenye .20. Kuandika .150 kwa mkono ni kujitegea mtego.

Na kama kifaa kinajitangaza kwa jina linaloishia na .local, tumia hilo jina kwenye kompyuta badala ya IP, hapo hata ihame mara 10 hutajua.

Dalili: nimetenga IP kabisa lakini kifaa kinapata nyingine

Hii ndo inayochosha watu kuliko zote maana mtu ana uhakika amefanya kila kitu sawa, na kweli amefanya sawa, ila seva inamwona kama mtu mwingine. Nenda moja moja.

Simu? Angalia ile herufi ya pili ya MAC. Tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020 simu zinatunga MAC tofauti kwa kila mtandao wa waifai, na hiyo imewashwa tangu kiwandani. Uliyotenga kwenye rauta ni ile uliyoisoma kwenye ukurasa wa "kuhusu simu", inayotumika hewani ni nyingine. Na kuna mtego mdogo ndani yake: kama rauta yako ina majina mawili ya waifai, moja la 2.4 GHz na jingine la 5 GHz, kwa simu hiyo ni mitandao miwili kwa hiyo ni MAC mbili, na rauta itaonyesha simu moja kama vifaa viwili. Simu mpya zaidi za Apple zina chaguo la MAC inayozunguka, inabadilika kila baada ya muda hata kwenye mtandao ule ule, hiyo ukiiacha hivyo usihangaike kutenga chochote. Ingia kwenye mtandao huo tu kwenye simu, chagua isiyobadilika au MAC ya kifaa chenyewe, kisha soma MAC iliyopo hapo hapo ndo uitenge. Usizime kwa mitandao yote, huko nje ile kinga unaihitaji. Tena jiulize kwanza simu unaitengea IP ya nini, mara nyingi hakuna sababu.

Laptopu? Waya una MAC yake na waifai ina yake, ukitenga ya waifai halafu ukachomeka waya unapata IP nyingine, hapo hakuna kosa lolote. Na ile adapta ya USB ya kuchomekea kebo ina MAC yake yenyewe, kwa hiyo wawili wakiazimana adapta moja IP inafuata adapta sio laptopu. Nimewahi kukuta watu wawili wanalalamika kwamba "kompyuta zimebadilishana IP" na kweli zilikuwa zimebadilishana, walikuwa wanapokezana adapta mezani.

Linux? Hapa seva inaweza isiangalie MAC kabisa. Ombi la DHCP linaweza kubeba kitambulisho cha mteja, na seva ikikiona hicho inaweza kukiamini kuliko MAC. Mfumo wa systemd-networkd unatuma kitambulisho kinachotokana na faili la /etc/machine-id, sio MAC. Ndo maana mashine yenye mifumo miwili ya uendeshaji, kadi ile ile, MAC ile ile, inapata IP moja ukiwasha Windows na nyingine ukiwasha Linux. Kama unatumia netplan (faili za setingi za mtandao za Ubuntu) ongeza mstari huu kwenye kadi husika:

dhcp-identifier: mac

Kisha netplan apply, na sasa MAC ndo inayosema.

Kama yote hayo sio, basi kuna seva nyingine ya DHCP kwenye neti. Mtu kachomeka rauta ya pili kuongeza waifai, kaiweka kwenye poti za LAN, hajazima DHCP yake, sasa wanagawa wawili na anayejibu haraka ndo anashinda, leo huyu kesho yule. Kwenye Windows ipconfig /all inakuonyesha mstari wa DHCP Server, kwenye Linux yenye NetworkManager (programu inayosimamia miunganisho ya mtandao) andika:

nmcli -f DHCP4 device show eth0

(badilisha eth0 kwa jina la kadi yako) utafute dhcp_server_identifier. Namba hapo isipokuwa ya rauta unayoijua umempata mhalifu.

Dalili: mashine mbili zinapata IP ile ile

Kama moja uliiandikia kwa mkono ndani ya eneo linalogawiwa, jibu unalo tayari, nimeshasema juu. Ila kama zote ni za otomatiki na ni mashine pepe zilizonakiliwa kutoka kwenye moja, tazama tena ule /etc/machine-id. Umenakili diski, umenakili na kitambulisho, hata kama MAC ni tofauti seva inaona mteja ni mmoja anaomba IP yake ile ile, inampa. Zinawaka zote mbili, moja inakata nyingine inashika, inabadilishana hivyo hivyo na ukiping unaona inajibu kisha inapotea. Kwenye ile iliyonakiliwa:

sudo truncate -s 0 /etc/machine-id

kisha uiwashe upya, itajitungia kipya. Andika komandi hiyo kwenye ile mashine mama, uizime, ndo unakili, sio kwenye nakala 12 baadaye.

Dalili: anwani ya IPv6 niliyoiruhusu kwenye seva ya mbali, kesho yake inakataliwa

Umeweka kwenye faiawali ya seva kwamba anayeruhusiwa kuingia ni anwani fulani ya laptopu yako, ukaijaribu ikakubali, ukalala, kesho asubuhi mlango umefungwa. Hakuna aliyegusa kitu. Uliruhusu ile ya temporary.

Hapa inabidi nieleze kidogo ilikotoka maana ukielewa hutaichukia. Mwanzoni SLAAC ilikuwa inatengeneza mkia kutoka kwenye MAC kama nilivyoonyesha. Uzuri wake mkia haubadiliki. Ubaya wake pia mkia haubadiliki: ukitoka neti ya nyumbani ukaenda ya kazini ukaenda ya hotelini kichwa kinabadilika lakini mkia ni ule ule, kwa hiyo tovuti yoyote unayoitembelea inaweza kukufuata popote ulipo, na juu ya hapo MAC inataja hata mtengenezaji wa kadi. Ndo IETF, wale wanaoandika kanuni za intaneti, mwaka 2001 ikatoa RFC 3041 (RFC ni waraka wa kanuni hizo) ya anwani za muda, ikaboreshwa 2007 kuwa RFC 4941 na 2021 kuwa RFC 8981. Kwa kawaida kila siku moja kifaa kinatunga mkia mpya wa bahati nasibu na kinautumia kwa miunganisho inayotoka. Ule wa zamani haufi papo hapo, unawekwa alama ya deprecated, maana yake miunganisho iliyopo iendelee lakini mipya isianzie hapo, mpaka muda wake wa mwisho uishe: siku 7 kwa RFC ya 2007, siku 2 kwa ile ya 2021. Ndo maana kwenye laptopu isiyozimwa unakuta anwani za IPv6 saba nane kwenye kadi moja, na mtu anadhani ana virusi.

Sasa ona mgawanyo ulivyo: ya muda ni kwa kutoka, ya kudumu ni kwa kuingiwa. Wewe umeruhusu anayetoka, na anayetoka anabadilisha nguo kila siku. Njia za kutatua zipo nne na hazina uzito sawa.

Ya kwanza, ruhusu kichwa kizima, yaani 2001:db8:5:1::/64, badala ya anwani moja. Rahisi, ila ujue umeruhusu kila kifaa kilichopo kwenye neti hiyo pamoja na simu ya mgeni. Kwa kitu chenye funguo na nywila nzuri nyuma yake mi naona sawa, kwa kitu kilicho uchi hapana.

Ya pili, iambie programu moja tu itoke kwa anwani ya kudumu. SSH, ile programu ya kuingilia seva ya mbali, inakubali hivi:

ssh -b 2001:db8:5:1:21a:2bff:fe3c:4d5e mtu@seva

Vingine vyote vinaendelea kufichwa. Hii ndo ninayoitumia zaidi kwenye laptopu.

Ya tatu, acha za muda ziwepo lakini mfumo upendelee ya kudumu. NetworkManager ina ipv6.ip6-privacy, ukiweka 1 ni hivyo, ukiweka 2 inapendelea za muda, ukiweka 0 hakuna za muda kabisa:

nmcli connection modify "jina la muunganisho" ipv6.ip6-privacy 1

Ya nne ni kuzima kabisa. Kwenye seva isiyohama, sawa kabisa, seva haina siri ya kuficha, inatakiwa ipatikane. Windows ni:

netsh interface ipv6 set privacy state=disabled

Kwenye laptopu inayotembea usifanye. Naona watu wanabandika hiyo komandi kwenye kila mashine kama dawa ya kila ugonjwa, wengine wanaenda mbali wanazima IPv6 yote, hapo umekata kichwa kutibu mafua.

Dalili: nilifungua poti kuingia kwenye seva ya nyumbani kwa IPv6, ikafanya kazi wiki mbili ikakata

Hapa anwani uliyotumia ni ya kudumu kweli, uliangalia, haina temporary. Ila kilichobadilika ni kichwa. Mtoa huduma wa intaneti anaweza kukupa kichwa kipya rauta ikiwashwa upya au muunganisho ukikatika, na kichwa kikibadilika anwani nzima ni nyingine.

Ungedhani basi mkia umebaki ule ule, ukiandika sheria kwa mkia peke yake utapona. Inategemea! Mkia wenye ff:fe, ndiyo, unabaki. Lakini mifumo mingi ya sasa haitumii tena MAC, inatumia RFC 7217 ya 2014, ambapo mkia unapigwa hesabu kutoka kwenye kichwa cha mtandao, kadi, na siri iliyofichwa ndani ya kifaa. Kwa hiyo ukiwa kwenye mtandao ule ule unapata mkia ule ule miaka yote, ukihamia mtandao mwingine unapata mwingine, na hakuna anayeweza kukufuata kwa mkia huo. Akili nzuri sana, na 2017 RFC 8064 ikapendekeza iwe ndo kawaida. Ila kwako wewe mwenye seva, mtoa huduma akibadilisha kichwa na mkia nao unabadilika, maana kichwa kimo kwenye hesabu. Neno "ya kudumu" hapa lina mipaka yake, inadumu kwa kichwa kile tu. Kwenye Linux unaweza kuiona imeandikwa stable-privacy, kwenye Mac ifconfig inaandika secured. Windows nayo tangu Vista mkia wake wa kudumu sio wa MAC.

Kwa seva unachotaka ni mkia uliouchagua mwenyewe na kichwa kinachokuja chenyewe. Linux inaruhusu:

nmcli connection modify "jina la muunganisho" ipv6.addr-gen-mode eui64 ipv6.token ::53

Washa muunganisho upya na seva itakuwa na kichwa chochote kilichopo ikiishia na ::53. Kisha kwenye rauta andika sheria inayoangalia mkia tu. OpenWrt, mfumo huria wa rauta, inakubali kwa mtindo huu:

::53/::ffff:ffff:ffff:ffff

Na jina la seva lisasishwe na programu ya DNS inayofuata anwani, maana watu wa nje bado wanahitaji kujua kichwa kipya.

Kwa vifaa vya ndani vinavyoongea vyenyewe kwa vyenyewe usitumie anwani ya mtoa huduma kabisa. Iambie rauta itangaze pia kichwa cha ndani kinachoanza na fd, ile familia ya ULA, hicho ni chako na hakuna mtoa huduma anayekigusa. Ila usishangae jina lenye IPv4 na fd zote mbili kompyuta ikachagua IPv4, ndivyo kanuni za kuchagua zilivyo, sio hitilafu.

Dalili: nilifuta muunganisho nikauunda upya, anwani ya "kudumu" ikabadilika

Fupi. Kwenye NetworkManager ile hesabu ya stable-privacy kwa kawaida inachanganya pia kitambulisho cha profaili ya muunganisho na siri iliyo kwenye /var/lib/NetworkManager/secret_key. Ukifuta profaili ukaunda nyingine hata kwa jina lile lile, kitambulisho ni kipya, mkia ni mpya. Ukiweka mfumo upya, siri ni mpya, vilevile. Rekebisha profaili badala ya kuifuta, au tumia ile ipv6.token ya hapo juu.

Dalili: nimetenga kwa DHCPv6 (DHCP ya IPv6), kompyuta zinatii lakini simu za Android hazitii

Hazitatii. Android haichukui anwani kwa DHCPv6, inajitungia kwa SLAAC. Na kwa zile zinazotii, ujue DHCPv6 inamtambua mteja kwa DUID, kitambulisho kinachowekwa na mfumo wa kifaa, na sio MAC, kwa hiyo unachoandika kwenye rauta ni DUID, na mfumo ukiwekwa upya nayo inaweza kubadilika. Usiandike MAC pale ukangoja.

Dalili: IP inaanza na 169.254

Hiyo kifaa kimejipa chenyewe baada ya kuita DHCP kikakosa jibu. Usihangaike na namba, tafuta kwa nini hakijibiwi: kebo haijakaa, swichi imewekwa kwenye VLAN (sehemu ya mtandao iliyotengwa) nyingine, DHCP imezimwa, au mabwawa yamejaa. Kujaa kunatokea sana kwenye waifai ya wageni. Piga hesabu, IP 100 za kugawa, muda wa kukodi siku 7, wageni wapya 20 kila siku, siku ya 6 zimeisha, na simu zile zenye MAC za kuzunguka zinakula IP mpya hata kama mgeni ni yule yule. Wageni wape saa 1 au 2 inatosha, muda mrefu waachie vifaa vyako.

Kujua kama imepona kweli

Usiangalie baada ya dakika 5 ukasema imekaa. Andika pembeni anwani ilivyo sasa. Zima kifaa, zima rauta, washa rauta kwanza, ngoja iamke, washa kifaa, linganisha. Kama ulikuwa unapambana na DHCP, punguza muda wa kukodi uwe dakika 10 kwa muda, washa kifaa upya kichukue muda huo mpya, kisha kizime, unganisha simu mbili tatu zigombanie IP, rudisha kifaa baada ya nusu saa, ikirudi ile ile basi, kisha usisahau kurudisha ule muda wa kukodi ulivyokuwa. Kama ni IPv6, rudi kesho kutwa utoe ip -6 addr, hapo za muda zitakuwa zimeshazunguka, na ile unayoitaka iwe bado pale pale bila neno deprecated pembeni yake.